Nilitangaza Amani kwa Sababu ya Halwa

Jamani, nimekosa! Yule mtu aliyewaambia wanawake wa Bidiya kwamba vita vimekwisha, hali vita ndiyo kwanza vinajifunga mkanda, ndiye huyu anayekuandikieni. Jina mnisitiri, maana Ibra, huku Omani, ni ndogo na ukoo wangu ni mkubwa. Kosa lenyewe nalitoa lote, sibakishi hata ukoko.

Nacheka ninapoandika, msidhani sijuti. Mimi nikijuta hucheka. Ndivyo nilivyoumbwa, hata msibani nimewahi kutolewa nje nikapunge upepo.

Nina wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hapa nitamwita Thuraya. Alikuwa mwalimu mkuu, kaolewa Bidiya, na ni mwanamke wa maneno machache yaliyopimwa. Mimi na yeye ni mbingu na ardhi. Mimi bibi yangu, aliyetoka Unguja na kanga zake mbili, alikuwa akisema, "Huyu mtoto kameza redio." Thuraya alinipenda hivyo hivyo. Miaka yote tangu niolewe, siri zangu kwake, vicheko vyangu kwake.

Sasa Thuraya akagombea kiti cha Bidiya katika Baraza la Shura, bunge letu. Mwanamke! Huku kwetu wanawake wanaogombea wapo, wanaopita ni wa kutafuta kwa taa. Lakini safari hii mambo yalikuwa yanamwendea. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja wa kambi za watalii za jangwani, mtu ambaye hata binti zake hawasifu, akimwambia, "Wewe, mwalimu, hutudanganyi."

Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake. Mnajua hali ilivyokuwa. Majirani zetu wawili wanarushiana makombora, ndege zinazungushwa huko na huko, watalii wamekimbia. Kambi za Bidiya zimebaki mahema na mchanga. Madereva wa magari ya jangwani wanashinda wanayafuta vumbi magari yasiyokwenda popote. Wagombea wengine waliahidi mbingu. Thuraya alisema, "Wajumbe wa pande mbili wako Maskati wanazungumza. Wakipatana, nitapigania kambi zifunguliwe upesi. Wasipopatana, tukae tupange tutakula nini. Lakini nisichokijua sikisemi."

Watu wakampenda kwa neno hilo la mwisho. Na mimi ndiye niliyelivunja!

Ikawa siku chache kabla ya kura. Thuraya ana mkutano wa wanawake ukumbini Bidiya, nami nimejipamba niende nikamshangilie. Nimo garini na mume wangu, simu inalia. Mdogo wangu Nassor, anayefanya kazi kwa mpika halwa mmoja Nizwa.

"Dada, wallahi leo hatupumui! Tumepata oda ya halwa ya wale wageni wa mazungumzo, Maskati. Ya zafarani, ya lozi, ile ya juu kabisa. Wanaitaka ifungwe vizuri, na riboni, ifike kabla ya alasiri."

"Ya nini yote hiyo?"

"Sijui mie. Bosi kasema ya wageni tu. Khalas, nakoroga, kwaheri!"

Enhe! Sasa nyinyi niambieni, halwa ya zafarani, na riboni, inakwenda kwa watu wanaozungumzia vita. Akili yangu ikaruka moja kwa moja mpaka kwenye saini. Wamepatana! Nani atakula halwa ya namna hiyo na hasira zake? Nikaanza kupiga makofi humo garini. Mume wangu akaniambia, "Subiri habari ya redio." Nikamwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akashika usukani wake, maana kanizoea.

Nikafika ukumbini roho inanidunda. Nikaamkia wakubwa, shikamoo huku na shikamoo kule, nikakaa, nikapewa tende na kahawa. Sasa sikilizeni, kwa walio mbali wasiojua desturi ya huku bara ya Omani. Mgeni akishakunywa kahawa huulizwa habari. "Shay ulum?" Na jibu ni moja tu, "Ma shay," hapana habari, kheri tupu. Hata kama umeacha nyumba inaungua, unasema kheri tupu kwanza, mengine baadaye kwa utaratibu. Ni adabu, si swali. Mtoto mdogo wa hapa anajua.

Bi Moza, mwenyeji wetu, akanigeukia kwa upole wake. "Shay ulum, mwanangu?"

"Ziko!" nikasema.

Ukumbi mzima ukageuka. Wallahi nilisikia bangili za watu zikinyamaza.

"Wamepatana! Wametia saini! Vita vimekwisha!"

Loo! Vigelegele vilivyopanda hapo! Bi mmoja alimkumbatia jirani yake ambaye nasikia walikuwa hawasemi tangu harusi ya fulani. Mwingine analia, mwanawe ni mpishi wa kambi, ilipofungwa akaenda kufanya kazi Salala. Mwingine keshampigia simu mumewe atoe mahema ghalani. Nami katikati, kama bi harusi! Sijapata kupendwa vile maishani mwangu, na nasema kweli, ilikuwa tamu.

Thuraya akanishika mkono akanivuta pembeni. Uso wake mkavu.

"Wifi, una hakika?"

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema, "Nimesikia habari ya halwa tu." Angecheka, tungecheka sote, basi. Lakini vigelegele vilikuwa bado masikioni.

"Nassor yuko huko Maskati, kwenye hoteli ya mazungumzo. Kawaona kwa macho yake wakitia saini."

Nassor alikuwa Nizwa, mikono imo ndani ya sufuria!

"Kawaona yeye mwenyewe?"

"Wallahi."

Niliapa. Mungu anisamehe, niliapa.

Akanitazama kidogo. Kisha akaenda kwenye kipaza sauti, kwa kuwa wanawake walikuwa wanamwita na hawangemsikiliza neno jingine lolote. Akasema, "Nimeambiwa na mtu ninayemwamini kwamba wamepatana. Alhamdulillahi. Sasa tuanze kazi." Simu zote zilikuwa juu zinamrekodi. Kabla hatujamaliza chakula, Bidiya nzima imeshaiona, na Mudhaibi pia, na Sur.

Jioni tukakaa mbele ya televisheni nyumbani kwa mama mkwe, tungoje kuona saini. Msomaji wa habari akatokea na uso wa maji baridi. Mazungumzo yamevunjika. Kila upande unamlaumu mwenziwe. Wajumbe wanaondoka usiku huo huo.

Wakaonyeshwa wanapanda ndege. Na jamani, msinicheke! Nyuma yao walikuja wabebaji, na mikononi mwao halwa ya Nassor, riboni zinapepea!

Ilikuwa halwa ya kuwaagia wageni!

Mimi, niliyezaliwa hapa, ambaye kila jamaa akirudi Unguja namfungia halwa begini, mimi ndiye niliyesahau kwamba Mwomani hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Hata ikiwa mgeni mwenyewe kaja kwa ugomvi na anaondoka na ugomvi. Nikashikwa na kicheko, mama mkwe akadhani nimepandwa na shetani, akaanza kunisomea. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikaingia msalani nikalia.

Usiku ule makombora yalirudi. Meli zikasimama, bei zikapanda, kambi mbili zikawaaga wafanyakazi wao waliokuwa wakingoja mazungumzo yale. Na yule aliyetoa mahema ghalani akayarudisha. Hasira za watu haziwezi kufika kwa wakubwa waliovunja mazungumzo, wako mbali. Zilimwendea aliye karibu.

Kesho yake Thuraya aliitwa kwenye sabla, ukumbi wa wazee, kujibu maswali ya wapiga kura. Sisi wanawake tukakaa upande wetu. Mpinzani wake, mfanyabiashara mkubwa wa magari, hakusema kitu, alikaa tu anachezesha bakora yake. Mtu wake ndiye aliyesimama.

"Mwalimu, ulisema usichokijua hukisemi. Jana ulisema. Nani huyo mtu unayemwamini?"

Thuraya akaangalia upande wetu. Hakunyoosha kidole, hakuita jina. Alinitazama tu, akangoja.

Mnataka kujua nilifanya nini? Nilikunywa kahawa! Mwenye kumimina akija, ukitosheka unatikisa kikombe, naye anaelewa. Mimi mkono ulinigandia. Sikutikisa, akamimina. Nikanywa, akamimina. Sijui nilikunywa vikombe vingapi, ninachojua ni kwamba nilitazama ndani ya kikombe kile muda wote aliokuwa akinitazama. Redio ya bibi ilikatika umeme.

Mwisho Thuraya akasema, "Kosa ni langu. Nilisema nisichokiona. Samahanini." Akaketi.

Hakumtaja mtu. Mtu wa mpinzani akacheka. "Ndiyo hayo. Ukimpa mwanamke kiti, siasa inakuwa vigelegele."

Na neno hilo likatembea kuliko hata video. Siku ya kura watu wanapiga kwa simu, kidole kimoja tu, wengine wamelala kitandani. Thuraya akaanguka. Tena vibaya. Na Mudhaibi alikuwapo mwanamke mwingine aliyegombea, msomi wa watu, hajui halwa wala mimi. Naye akaanguka, maana kila alipokwenda vijana walimpigia vigelegele vya kejeli. Mjumbe mpya wa Bidiya hajatia mguu kambini tangu achaguliwe. Madereva wawili ninaowajua wameuza magari yao.

Mimi nikajitia ugonjwa. Nikampelekea Thuraya salamu kwa mume wangu, nikampelekea mkate wa mofa, nikampelekea samaki wa Sur. Sahani zinarudi zimeoshwa, neno hakuna.

Nikachoka. Nikamwambia mume wangu anipeleke. Nikamkuta shambani kwake, kakunja suruali, anafungulia maji ya falaji, mfereji wa kijiji, yaingie kwenye mitende. Hakusimama. Nikamwaga yote, ya Nassor, ya riboni, ya kiapo. Na katikati, lo, kicheko kikanitoka nilipofika kwenye wabebaji! Nikajiziba mdomo kwa shela.

Akacheka na yeye. Kidogo tu, kwa pua. Nikadhani yamekwisha.

Kisha akasema, "Wifi, ya halwa nilijua siku ile ile. Nilipoiona kwenye televisheni nikakumbuka kazi ya Nassor, nikajua. Hilo nilishakusamehe. Nakujua una mdomo, nilikupenda na mdomo wako. Ya'ni, miaka yote hujawahi kunyamaza, hata nilipokuomba. Siku moja tu nilikuhitaji useme, ukanyamaza."

Maji yanapita, yeye anangoja yajae.

"Nifanye nini?" nikamwuliza.

"Kaseme. Si hapa kwangu. Kwao."

Basi Jumatano nikaenda soko la wanawake hapa Ibra. Mnalijua, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, na habari inayosemwa pale asubuhi imeshafika Sur kabla ya adhuhuri. Nikasimama baina ya muuza udi na muuza vitambaa, nikapaza sauti. Nikasema nilidanganya. Nikasema nilimwapia. Nikasema Thuraya aliniuliza mara mbili, mimi ndiye niliyemtia shimoni, kisha nikamwacha humo.

Jamani, walicheka! Muuza udi alicheka mpaka chetezo kikapinduka. Mmoja alinitukana na haki yake. Yule bi ambaye mwanawe ni mpishi alikuwapo, yeye hakucheka wala hakutukana, alikusanya vitu vyake akaniambia, "Mimi nilimpigia simu arudi kutoka Salala. Aliacha kazi huko kwa ajili ya neno lako." Akaenda zake. Huyo ndiye ninayemwota.

Niliporudi nyumbani nikakuta ujumbe wa sauti wa Thuraya kwenye simu. Nikauweka sikioni. Alisema, "Nimesikia. Mudhaibi bado hawajasikia."

Ndiyo maana mnanisoma hapa! Wiki ijayo naenda Mudhaibi, nikamtafute yule mwanamke mwingine nyumbani kwake, na sijui atanipokea kwa marashi au kwa ndoo ya maji. Mume wangu kasema atanisubiri garini, injini inawaka.

Na nyinyi mnaosoma, mkiwa na mdomo kama wangu, nisikilizeni. Habari njema isiyo na mwenyewe msiibebe, na zaidi katika siku hizi za vita, kwa kuwa wapo watu watakaoacha kazi na kutoa mahema kwa ajili yake. Lakini ikiwa imeshakutokeni, na mtu mwingine akasimamishwa mbele za watu aulizwe nani kasema, simama. Sema, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Mimi nimesema maneno maisha yangu yote, na hayo mawili yalipotakiwa, yakanishinda.