Goti la Kaka Salumu

Utotoni kwetu Rutamba, watu wazima walivumilia tusi la mtoto kuliko walivyovumilia uchuro. Kwa tusi ulipigwa kofi, yakaisha. Uchuro, lile neno la mabaya linalotamkwa kabla mabaya hayajatokea, lilikuwa balaa la nyumba nzima. Mtu anafunga mzigo aende safari, wewe unauliza gari likipinduka itakuwaje, hapo umeshamchuria. Bibi yangu Somoe, mzaa mama, alikuwa na dawa yake: anakusugua midomo kwa majivu ya jikoni, anakutemesha mate mara tatu, kisha anakukalisha kimya mpaka atakapokuruhusu kuinuka. Mimi nilisuguliwa kuliko ndugu zangu wote, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kusema ninachokiona.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa darasa la tatu. Kaka yangu Salumu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa mshambuliaji wa timu ya kijiji. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, na alipokimbia na mpira hata wanawake waliokuwa wakipita na ndoo kichwani walisimama kutazama. Alasiri ya siku hiyo tulikuwa tucheze na Mitwero. Wageni hao hawakuwa timu ya kawaida kwetu, maana kocha wao mpya, Chande, alikuwa kocha wetu sisi mpaka msimu uliotangulia.

Jinsi alivyoondoka kila mtu alijua. Kaka aliumia goti mazoezini, Chande akataka apumzishwe mpaka msimu wa korosho uishe. Msaidizi wake, Mwalimu Bakari, alikataa. Alisema kijana wa umri ule hapumzishwi kama mzazi aliyejifungua jana. Wakubwa wa timu wakawa upande wa Bakari. Chande akarudisha filimbi na jezi, na kabla ya kuondoka alisema mbele ya watu kwamba watamlemaza mtoto wa wenyewe. Basi ikawa ndiyo hadithi ya kijiji: Chande ametuachia uchuro. Bakari, aliyeshika timu, aliamua wachezaji wafike uwanjani kwa kuzunguka mashamba ya mikorosho badala ya kupita barabarani, waingie kinyumenyume, na tangu alfajiri ya siku ya mechi mtu yeyote asitaje mguu, bandeji wala hospitali.

Asubuhi hiyo mama alikuwa akipika vitumbua barazani kwetu kama kawaida, na mashabiki walikuwa wamejaa. Ubishi ulikuwa wa makocha. Baba Zuhura, jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza ushangiliaji, alishikilia kwamba Bakari ana akili ya mpira kumzidi Chande, ila hakupewa nafasi mapema. Mwingine akasema Chande anawajua vijana wetu mmoja mmoja, anajua nani hana pumzi na nani anaogopa mpira wa kichwa, kwa hiyo tunacheza na mtu aliyeingia chumbani mwetu. Wakahamia kwenye majeruhi wa Mitwero. Hao walihesabiwa bila woga: beki wao wa kati amechanika msuli, kipa wao ana kidole kilichovimba. Walicheka. Mtu akauliza kama sisi tuko kamili, na Baba Zuhura akajibu kwamba tuko kamili, alhamdulillahi.

Mimi nilikuwa nikigawa chai, na nilijua hatuko kamili.

Nilikuwa nimetoka kumpelekea kaka maji ya moto chumbani. Nilimkuta ameketi kitandani, suruali ameikunja mpaka juu, anajikanda kwa kitambaa na chumvi. Goti lilikuwa kubwa kama nazi changa, ngozi imevutika inang'aa. Alipoukunja mguu nilisikia sauti ndani yake, sauti kavu, kama mtu anakanyaga ganda la korosho. Aliniambia nisimwambie mtu, hasa Bibi. Nikakubali. Lakini nikiwa na birika mkononi, nikiwasikia wale watu wazima wanaapa kwamba tuko kamili, nilidhani hawajui tu, na kwamba wakijua watafurahi kuambiwa.

Nikasema, "Kaka hawezi kukimbia. Goti limevimba. Wakimgonga, mguu utavunjika."

Mafuta yaliendelea kuchemka kwenye kikaango, na mama akaacha kitumbua kiungue. Baba Zuhura alirudisha kikombe chini polepole, akanitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyeingia sebuleni. Bibi alitoka ndani. Hakupiga kelele. Alinishika mkono, akaniingiza jikoni, akaanza kunisugua kwa majivu. Nilitema mate mara tatu. Akaniambia niteme tena.

Habari zilimfikia Mwalimu Bakari kabla vitumbua havijaisha. Alikuja, akampa Bibi shikamoo, akaitikiwa, akachutama mbele yangu. Alitaka nimtajie neno kwa neno nilichosema, na kama nilisema "wakimgonga" au "watamgonga". Lilikuwa swali la maana kwake. Nilipojibu, alimwomba Bibi nisitoke nyumbani mpaka mechi iishe. Salumu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, suruali ameshaishusha. Alinitazama, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Bakari akamwambia twende.

Alasiri tulibaki mimi na Bibi peke yetu. Uwanja ulikuwa karibu na shule, mbali kidogo, lakini upepo ulileta sauti. Bibi alikuwa na tasbihi, anaivuta bila kutoa sauti, na kila kelele zilipopanda aliacha kuivuta. Kelele moja ilikuwa kubwa, ya furaha, na jina la kaka lilikuwa ndani yake. Nikaona mabega ya Bibi yanalegea. Nilidhani nimesamehewa.

Haukupita muda, kelele zikakatika zote kwa pamoja. Watu wanapokosa goli hunung'unika, na wakifungwa hulaumiana. Siku ile hapakuwa na hata hilo. Bibi aliniangalia, akavuta upande wa kanga yake akaniziba mdomo, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Walimleta juu ya mlango waliouong'oa darasani. Wachezaji wanne walishika pembe, na mtu aliyekuwa akitembea ubavuni, ameushikilia mguu usicheze, alikuwa Chande. Alikuwa ameufunga kwa vijiti viwili na kitambaa cha kanga ya shabiki mmoja. Shati lake lilikuwa na vumbi na damu. Mama alipojitupa chini, Chande alimwambia kwa upole asimguse mgonjwa, atafute shuka, kuna pikapu inakuja. Alipanda naye nyuma ya hiyo pikapu mpaka hospitali Lindi, timu yake akaiacha uwanjani. Mwalimu Bakari nilimwona mbali, amesimama na wale wakubwa wa timu, filimbi bado shingoni. Walikuwa wanazungumza, na mmoja wao akanyoosha kidole kwetu. Hakuwa anaonyesha mlango ule. Alikuwa ananionyesha mimi.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko siku yenyewe. Nilipewa jina, Mdomo Mbaya. Shuleni wenzangu waliniomba nisiseme nao siku za mitihani. Zuhura, rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja, alihamishwa kiti na baba yake. Nami niliamini. Niliamini kabisa kwamba mguu wa kaka ulivunjwa na ulimi wangu, na kwamba beki wa Mitwero aliyemgonga alitumwa tu. Nikaacha kusema. Nilijibu salamu, nikaitika nilipoitwa, basi, kwa karibu mwaka mzima. Mama aliogopa nimekuwa bubu, akanipeleka kusomewa dua.

Kaka alirudi na mguu mmoja mfupi. Hakucheza tena. Siku moja tulikuwa wawili uani tunabangua korosho, moshi unatuumiza macho, akaanza kuongea bila kuniangalia. Aliniambia goti lilikuwa limekwisha tangu Ramadhani. Siku mbili kabla ya mechi alimfuata Mwalimu Bakari akamwambia hawezi.

"Akanijibu nini, unajua?" alisema kaka. "Akaniambia, Salumu, usiniletee uchuro."

Aliendelea kubangua. Baadaye akasema, "Wewe ulisema neno langu. Mimi nilisimama pale mlangoni nikashindwa."

Kesho yake mama alinisikia nikimwita kuku, akaja mbio kutoka shambani.

Siku hizi naishi Mitwero, pembezoni mwa Lindi. Wanaume wa mtaani kwangu hukusanyika kabla ya mechi wakabishana nani kocha bora na nani majeruhi, na mtu akisema fulani hataimaliza dakika tisini, mwingine humwambia asichurie. Wanacheka, lakini wanamaanisha. Nami hukaza meno, utu uzima wote huu.

Simlaumu Bibi. Alizaa saba, akazika wanne, na katika misiba yote ile neno ndilo pekee alilokuwa na uwezo wa kulizuia. Alikufa akiwa na uhakika kwamba mdomo wangu ndio uliovunja mguu ule, akaniombea dua kwa ajili hiyo mpaka mwisho. Sikumkatalia, na sijui kama nilifanya vyema. Huwa nafikiri zaidi kuhusu asubuhi yenyewe. Barazani kwetu palikuwa na watu wazima zaidi ya kumi, na chumba cha kaka kilikuwa hatua chache kutoka pale walipoketi, mlangoni kuna pazia tu. Nilipomaliza kusema, wote walinitazama mimi. Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama goti.