Chokaa ya Kupokelea Wageni

Hajira hakuwa mtu wa kupokea wageni kwenye uchafu. Mji mzima wa Mohoro ulilijua hilo, na wengine walimcheka, maana hata mgeni wa jirani akitajwa, yeye ndiye wa kwanza kushika ufagio. Walipomchagua kuwa balozi wa zile nyumba za chini, jirani na mashamba ya mpunga, hakuna aliyeshangaa.

Mtendaji wa kata alimweleza kwamba wanafunzi wa chuo wanakuja kutoka Dar es Salaam kupima maji ya mafuriko yalifika wapi, ili ramani yao isaidie kuamua tuta la kuukinga mji lipite wapi. Hajira aliitikia, kisha akaenda kufanya alichokijua. Alipita nyumba kwa nyumba akisema wageni wanakuja, kuta zisiribwe kwa udongo na zipakwe chokaa, watu wasituone kama tumetupwa. Watu wakasiriba. Ule mstari wa tope uliobaki kwenye kuta tangu maji yashuke, ambao kila mtu alishachoka kuutazama, ukafunikwa. Mtaa ukang'aa kama siku ya Idi.

Pakabaki mahali pamoja tu. Mama mkwe wake, Bi Siti, amepooza miguu, na harufu ya chokaa inambana kifua. Alikataa katakata kutolewa kitandani. Hajira, ambaye tangu afiwe na mumewe hulala mkekani kando ya kitanda hicho, akaufunika ukuta wa pale kwa shuka, huku moyoni amenuna.

Wanafunzi wakaja na simu zao na futi za kupimia. Kiongozi wao, binti mpole aitwaye Shamsia, alieleza kwamba wanatafuta alama za maji ukutani. Hajira akazitazama kuta nyeupe za mtaa wake. Lakini angeanzaje kusema kwamba alama wamezifuta juzi tu, kwa amri yake? Na Shamsia alipomuuliza kwa mdomo maji yalifika wapi, alimjibu kama mgeni anavyojibiwa.

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Yalipita tu."

Yalipita tu! Mwanamke aliyemtoa mama mkwe wake akiwa amemlaza juu ya mlango uliong'olewa, maji yakimfika kifuani! Lakini huku kwetu mgeni hapewi misiba yako hata chai hajaimaliza. Majirani nao, wakimfuata balozi wao, walisema yale yale. Wanafunzi wakashukuru kwa mihogo na chai, wakaondoka.

Ramani ikaletwa kwenye mkutano wa mji siku nyingine, Shamsia akiisimamia. Mji wote wa chini ulikuwa wa buluu, rangi ya mafuriko, isipokuwa nyumba za kina Hajira, ambazo zilikuwa nyeupe pe. Tuta lingepita kati yao na soko, na maji yatakayozuiwa yangesukumwa upande wao, kwa kuwa kwenye ramani kwao ni kukavu.

Watu walipotawanyika Hajira alimshika Shamsia mkono, hakumwachia mpaka chumbani kwa Bi Siti. Akaivuta shuka. Mstari ulikuwa pale, mwekundu wa tope, juu kabisa ya mto wa mgonjwa. Shamsia alitoa futi yake.

"Nipime na mimi, mwanangu," Bi Siti alisema. "Hapa hapa nilipolala."

Shamsia akapima, akapiga picha kwa simu yake, macho yamejaa machozi. Aliuliza kwa nini hawakumwambia siku ile.

"Mlikuwa wageni," Hajira alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akaona haya mpaka akatazama chini.

Shamsia aliahidi kupeleka picha ile, ila alisema wazi kwamba ukuta mmoja hauwezi kuibadilisha ramani; zipatikane alama za nyumba nyingine. Hajira akachukua kisu, akaanza na ukuta wa jirani yake Swalehe. Alikwangua chokaa, akakuta udongo mpya, na chini yake tope la zamani limeshachanganyika na la kusiribia, huwezi kutenga hili na lile. Swalehe akatoka na kuukuta ukuta umeshachimbika.

"Uliniambia nisiribe, nikasiriba," alisema. "Leo unanibomolea?"

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Hajira. Aliendelea nyumba ya pili na ya tatu, mpaka vidole vikachubuka. Hakupata mstari.

Jibu alilolileta Shamsia kwa simu lilikuwa fupi: picha imepokelewa, lakini kazi haiwezi kungoja, masika iko karibu. Wiki hiyo hiyo malori yakaanza kumwaga kifusi upande wa sokoni. Mawingu nayo yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Hajira aliomba matofali kwa Swalehe, naye akampa, tena akaja kumsaidia kuinua. Walipandisha kitanda mguu kwa mguu, Bi Siti akiwa juu yake ameshikilia kando, mpaka godoro likaupita ule mstari. Bati lilikuwa karibu sana na uso wake sasa. Swalehe akaaga akaenda zake.

Bi Siti aligeuza kichwa taratibu, akatazama chini, akauona mkeka wa mkwewe sakafuni.

"Na wewe je, Hajira?" aliuliza.

Hajira aliukung'uta mkeka, akautandika pale pale.