Gunia la Mkwe Kwenye Fremu ya Kaboni

Hata leo nikipita soko la Kawajense nainamisha uso, na kuna mama muuza nyanya pale haniiti jina langu tena, ananiita Kaboni. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake, maana yeye huongeza chumvi.

Mnajua nilivyosumbuka kuchagua ile baiskeli ya mbio. Nilishinda kwenye simu nikilinganisha fremu: ya chuma ni nzito lakini inadumu, na ikikatika hata fundi wa Kabungu anaichomelea; ya aluminiamu ni nyepesi na bei yake ina unafuu, ila kwenye barabara mbovu inakutikisa mpaka meno; ya kaboni ndiyo ghali kabisa, unainyanyua kwa mkono mmoja na mashimo huyasikii. Mke wangu Resti aliuliza swali moja tu, "Inabeba nini?" Nikamwambia hiyo ni ya mbio, haibebi kitu. Nikanunua kaboni.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Mpimbwe, mara yake ya kwanza kututembelea tangu tuoane, na huyu mama ndiye aliyewahi kusema binti yake kaolewa na mtu wa mapambo tu, asiyefaa kazi (niliambiwa, na iliniuma kweli). Nilitaka safari hii aondoke na neno lingine. Basi asubuhi ile nikaipeleka baiskeli kwa fundi aifungie keria ya kubebea mzigo. Akaigeuzageuza, akasema haina hata matundu ya keria. Nikamwambia abane na klempu za chuma.

"Kaka, hivi vibomba vya fremu vinalia nikikaza."

"Kaza tu, kaboni ndiyo wanayotengenezea ndege."

Akakaza.

Stendi mama akashuka na gunia la mchele wa shambani kwake. Nikamwamkia, akaitikia, Resti akaita bajaji.

"Gunia si linaingia humu, baba?" mkwe akauliza.

"Hapana mama, zawadi yako nitaibeba mwenyewe."

(Bajaji ilikuwa na nafasi ya gunia na mbuzi juu yake.)

Nikalifunga gunia kwenye keria, nikatangulia ili anione vizuri, nasalimia watu huku na huku, na kufika sokoni kuna tuta, nikalipanda bila kupunguza mwendo, nikasikia kwaa! kama kuni kavu, fremu ikakatika chini ya siti, mimi chini, gunia likapasuka na mchele ukamwagika barabarani wote. Kuku ndio waliofika kwanza. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki ili wacheke vizuri. Mmoja akakimbiza kile kipande kwa mchomeleaji ng'ambo ya barabara, na yule bwana akakigonga na nyundo akapaza sauti, "Hii haichomelewi, hii kama ndoo ya plastiki!"

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini mkwe alishuka kwenye bajaji, akakaza kitenge, akachuchumaa na kuanza kuzoa mchele kwa viganja. Mama mkwe, katikati ya barabara, kwa ajili yangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Siku zote alizokaa kwetu tulikula wali wenye mchanga, na yeye alitema mchanga pembeni akaendelea kula. Siku ya kuondoka ndipo akasema, "Baba, ulitaka kunibebea mzigo. Hilo nimeliona."

Baadaye basi la Mpimbwe likatuletea baiskeli ya chuma, keria pana, kengele bado inalia. Ni ya marehemu baba mkwe. Resti aliiona akakaa chini akalia, kwa sababu tangu msiba mama hakuruhusu hata watoto wake wa kiume waiguse.

Ndiyo ninayoendesha sasa, nzito, mlima mdogo tu natoka jasho. Kaboni sitaigusa tena hata nikipewa bure. Na siku mkwe akija tena akaniuliza kama gunia linaingia kwenye bajaji, nitamjibu linaingia, mama, na wewe panda tuondoke.