Kofia ya Nkambo Mbele ya Inspekta

Nikiwasimulia hili mtacheka, na haki mnayo, lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimeshafika gereza la Buluo kabla ya miguu.

Kwetu mtaani Kikula, mzee akifariki, wajukuu wana ruhusa ya kumwigiza pale kilioni, na hakuna anayekasirika. Nkambo wangu (babu mzaa mama) alipotuacha, nilivaa kofia yake nikaigiza alivyokuwa akihangaika kwa shefu, kiongozi wa mtaa, kutafuta muhuri (kashe, kama tunavyosema), na shefu akidai bia kwanza. Shefu mwenyewe alikuwepo, kiti cha mbele, akacheka hadi akafuta machozi. Laiti ningeishia hapo! Lakini mimi ni mtu wa redio ya mtaa, sipendi kitu kipotee, na binamu yangu alikuwa amenirekodi, basi nikaiweka video Facebook, na kufikia Jumapili hata wachimbaji wa madini huko Kakanda walikuwa wakitumiana.

Jumatatu ikaja barua ya wito kutoka polisi: shefu amenishtaki kwa kumchafulia jina.

Nikaenda kituoni na kofia ileile (kielelezo, barua ilisema). Nikajitetea kwa inspekta: "Mukubwa, ni desturi. Shefu mwenyewe alicheka."

"Nilicheka pa kilio," akajibu shefu, aliyekuwa ameketi kando ya meza. "Kule tulikuwa tunalilia muntu yetu. Mu telefone banacheka minye tu, minye shefu."

Inspekta akafungua daftari. "Vaa kofia. Fanya, tuone."

Nikaigiza, peke yangu, bila ngoma, bila marehemu, watu wamejazana mlangoni na hakuna hata mmoja aliyetabasamu, nami kichwani nimeshalala Buluo. Nikafika penye "Leta bia kwanza!" Shefu akashindwa kuvumilia.

"Ah, weye! Minye sisemake hivyo! Ninasemaka: 'Tate mzee, kashe iko na kiu'!"

Inspekta akaweka kalamu chini polepole. Mlangoni mama mmoja akapasuka kwa kicheko: "Ni vile kabisa anasemaka!"

Shefu akaondoa mashtaka yake haraka kuliko alivyoyaleta. Nami nikafuta video mbele yao nikaomba msamaha, maana kwa hilo la simu alikuwa na haki. Tukatoka pamoja bila kutazamana.

Nimeapa: utani wa kilioni utabaki na waliokaa kilioni. Lakini mwezi ujao nahitaji cheti cha makazi, kashe bado iko kwake, na kiu yake nadhani imezidi.