Mkeka wa Bibi na Mkojo wa Afande

Wiki iliyopita jirani yangu hapa kwenye maghorofa ya Bukoto alinibishia hodi, uso umemshuka. Mbwa wake amezeeka, anakojoa ndani, zulia linanuka, mume amenuna. Afanyeje? Nikamjibu pale pale mlangoni bila kufikiri: mtoe nje mara kwa mara, hasa akiamka na akimaliza kula, usimpige, maana hakusudii, kausha kwanza kwa kitambaa, kisha siki na maji, sabuni mwisho. Akanishangaa. "Kumbe wewe dada umewahi kufuga mbwa!" Nikacheka naye, nikafunga mlango, nikaketi kwenye kochi, na pale kicheko kikaisha. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana hata mume wangu hajui.

Tulikuwa tunakaa Kyebando, mtaa wa jirani na huu, sisi Wakenya wa kutafuta maisha ugenini. Baba alikuwa fundi wa magari, mama akiuza mitumba kwenye soko la Nakivubo. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Kiswahili chetu kilikuwa bado kinatisha watu. Kwa majirani wengi ilikuwa lugha ya askari wa vizuizini. Mama akiniita kwa sauti, utamwona mtu barabarani ameshtuka na kugeuka. Mmoja tu hakushtuka. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, wa ukoo uliofika huku na misafara ya biashara kutoka pwani enzi za babu wa babu yake. Siku moja alimsikia mama akinigombeza, akapita uwazi wa michongoma na sahani ya vitumbua mkononi, akauliza, "Nani huyo anayegomba Kiswahili kitamu hivyo?" Tangu hapo nyumba mbili zikawa moja.

Mama alikuwa akirudi kutoka sokoni jua likizama, basi Bibi ndiye aliyekaa nami mchana. Alikuja baada ya kupumzika, na kabalagala za moto kwenye bakuli, zile ndogo za ndizi na unga wa muhogo, akapika chai ya tangawizi kwenye jiko la makaa barazani. Mvua ikipiga mabati hatukusikilizana, tukawa tunakula tu na kuchekana kwa macho. Alikuwa na kikopo chake cha ugoro. Alivuta, akapiga chafya tatu, akasema Alhamdulillahi na kupangusa machozi. Mama alimtania kwamba pua yake imekufa zamani, hata chungu kikiungua atakuwa wa mwisho kujua. Bibi alikuwa akikubali, "Imekufa, mwanangu, tumeshaizika."

Ikifika alasiri alitungua mkeka wake kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, akautandika kwenye pembe ya dirisha, juu ya ile sakafu nyekundu ya simenti. Akimaliza kusali hakuinuka upesi. Aliinua viganja na kumtaja mwanawe, mmoja tu aliyekuwa naye, aliyeshushwa na askari kwenye kizuizi wakati wa vita na hakuonekana tena. Alimwombea arudi. Mimi nilingoja kwenye kigoda mpaka apanguse uso.

Sasa, Afande. Huyo ndiye mbwa wetu. Baba alimpa jina hilo kwa mzaha kabla ya vita, kisha vita vikaja na mzaha ukaisha, maana ukipaza sauti "Afande!" njiani hujui nani ataitika. Mapigano yalipokaribia tulikimbilia Kenya tukamwacha. Tuliporudi, vitanda havipo, milango haipo, hata sufuria hakuna, lakini Afande amelala kizingitini, mbavu nje. Baba alilia siku ile. Akaapa kwamba mbwa huyu atakufa kwake.

Afande akazeeka. Miguu ya nyuma ikawa inamtetemeka, kifua kikamshika, baba akamruhusu kulala ndani. Ndipo mkojo ukaanza. Mama alivumilia, akavumilia, mwishowe akasema, "Akikojoa tena sebuleni, namwita daktari wa mifugo aje na sindano yake, na kiapo chako ukimeze." Bibi ndiye aliyesuluhisha. Alisema mbwa kukaa ndani hakumkeri, ila yeye anasali pale, na mkojo wa mbwa ni najisi: pakimwagika paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Baba akaitika kwa heshima kabisa, akanigeukia. Kazi ikawa yangu. Nitoke shule mchana, nimfungulie Afande kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na nikikuta ameshakojoa, nioshe mara saba.

Nilikuwa na miaka tisa na ufunguo shingoni. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, nisijitetee. Lakini maji yalikuwa chini kabisa bondeni, kwenye chemchemi, na kuosha mara saba kulimaliza jerikeni nzima. Na wenzangu walikuwa wanacheza kwepena kwenye kiwanja nyuma ya shule, mchezo wa kukwepa mpira, nami nilikuwa hodari wa kukwepa, hakuna aliyenipata. Basi nilicheza kwanza. Nikifika nyumbani namkuta Afande amesimama mbele ya mlango, kichwa chini, na kule pembeni kwa dirisha, alikopenda kulala kwa sababu ya jua, pameloa. Alinisubiri mpaka akashindwa. Aliniangalia kama mtu aliyevunja chombo cha wageni.

Siku ya kwanza nilichukua gauni bovu, nikafuta mara moja, nikanyunyiza maji kidogo, nikapepea kwa daftari mpaka pakakauka. Nilijiambia namwokoa Afande na sindano. Ndiyo, nilimpenda, hilo ni kweli. Lakini kama ni kumwokoa tu, jerikeni ilikuwa pale na bonde lilikuwa pale. Bibi akaja, akatandika mkeka pale pale, akasujudu, na moyo wangu ukanipanda kooni. Hakuna kilichotokea. Kesho yake moyo haukupanda sana. Baada ya majuma mawili nilikuwa nafuta huku naimba.

Ramadhani ikaingia. Bibi akafunga, na kikopo cha ugoro nacho kikapumzika mchana kutwa. Hakuna aliyelifikiria hilo, mimi wala yeye. Siku zikaenda, macho yakakauka, chafya zikakoma, na ile pua tuliyoizika ikafufuka taratibu. Karibu na kumi la mwisho la mwezi, alisimama kusali alasiri kama kawaida. Alirukuu, akasujudu, akachelewa kuinuka. Kisha akaikata sala. Akakaa juu ya magoti, akauinua mkeka kwa ncha, akaunusa.

"Mjukuu wangu," akaniita, bila ukali. "Afande amekojoa hapa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

Rafiki yangu, hapo ndipo ningeweza kusema. Alikuwa ameniuliza polepole, mlango wazi, sisi wawili tu. Nikasema, "Leo tu, Bibi. Nilisahau."

"Leo tu?"

"Leo tu. Wallahi."

Mtoto wa Kanisa mimi, naapa kwa kiapo chake ili aniamini. Akaniamini. Akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Basi si neno." Akajifunga kanga kiunoni, amefunga saumu, magoti yanauma, akapiga deki pembe ile kwa mikono yake, mimi nikimmiminia maji. Alihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na mara ya kwanza alisugua kwa udongo alioufukua mwenyewe migombani. Mkeka akauosha vivyo hivyo, akauanika uani. Akatawadha upya, akasali juu ya kanga safi, akairudia sala ile moja. Moja tu. Nikasimama nikitazama mgongo wake, nikijua zilizobaki.

Mama alipofika, Bibi hakusema kitu. Aliponong'ona na mimi alisema, "Mzee mwenzangu yule. Hakuna apendaye kujikojolea, tusimponze." Tangu siku hiyo niliosha mara saba bila kukosa, mikono ikachubuka, na kwepena nikaiacha. Afande aliishi miezi michache zaidi, akafa usingizini, baba akamzika kwenye migomba. Naye alikufa kwake, kama baba alivyoapa.

Lakini si hilo linaloniuma. Baada ya Idi alikuja mtu mmoja aliyechukuliwa pamoja na mwana wa Bibi. Akasema kijana alikufa zamani, kabla hata vita havijaisha, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Sasa mimi mtu mzima naweza kupiga hesabu: alikufa kabla Afande hajaanza kukojoa ndani, kwa hiyo hakuna mkojo uliomuua. Mtoto wa miaka tisa hakujua hesabu hiyo. Niliamini ni mimi niliyezifungia njia dua za Bibi, ndiyo maana hakurudi.

Msibani wanawake walijaa kwa Bibi, wameketi chini, vichwa vimefunikwa, na mama yangu katikati yao akigawa chai. Bibi hakulia kwa sauti. Alinivuta nikae ubavuni kwake, akaweka mkono kichwani pangu, akawaambia, "Sikumtupa mwanangu. Nimemsimamia kwa Mola wake kila siku, na mahali pangu pasafi. Siku moja tu palichafuka, nikaosha, nikarudia. Muulizeni huyu, shahidi wangu, ndiye aliyekuwa akinitunzia." Akaniinamia. "Si kweli, mjukuu wangu?"

Wote wakanitazama.

"Ni kweli, Bibi."

"Mashallah," wakasema. Mmoja akanipa kashata, akanisifu kwamba nimelelewa vizuri. Nikaila. Nakumbuka ilikuwa ya nazi.

Bibi alifariki nikiwa shule ya bweni. Nyumba zile mbili zimebomolewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha na ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na chemchemi imefukiwa. Siku hizi ukisema Kiswahili Kyebando hakuna anayeshtuka, watakujibu na kukuuzia muda wa simu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya wengine. Yangu ina zaidi ya miaka thelathini na bado natembea.

Jirani alipoondoka siku ile sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa dini, mzee mpole mwenye duka karibu na msikiti, nikamweleza habari yote kama habari ya watu wengine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema bibi yule hana lawama yoyote, Mungu hambebeshi mja asilolijua, na dua zake zilifika. Nikashukuru sana, machozi yakanitoka mbele ya wateja wake. Akanitazama kidogo, akaniuliza yule mtoto aliyejua yuko wapi siku hizi.

Nikamwambia simfahamu.