Lile Jiwe Lenye Matako

Ukitaka kugombanisha watu wa Gesima, siasa waachie wenyewe. Uliza tu: lile jiwe kubwa la kule mlimani lilitoka wapi?

Bonareri, mjane mchuma chai, aliuliza. Alikuwa ametumwa na Anisa, binti wa muuza vitambaa wa Kisii mjini, aliyefungua hifadhi ya masimulizi nyuma ya duka la baba yake na kutaka sauti za wenyeji. Wasabato wakaapa jiwe ni mwanamke aliyelima Jumamosi akageuzwa jiwe. Wakatoliki nao, loo! Mwanamke ndiyo, ila alikuwa akienda misa na mkungu wa ndizi, kwa hiyo ni mtakatifu. Kila mmoja akamwona jirani yake mwongo wa kutupwa.

Walikubaliana jambo moja tu: hadithi yenyewe anayo mzee Ombati. Na kifua cha Ombati kilikuwa kibaya, hakuna aliyemtarajia kuiona Krismasi. Tatizo, alikuwa baba mkwe wa Bonareri, na hadithi ina matusi. Mgusii hatamki machafu mbele ya mkamwana wake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima isiyo na mjadala. Bonareri aliumia. Marehemu mumewe, Masese, alikuwa akimwanzia hadithi hiyo hiyo, akicheka mpaka machozi, asiimalize hata siku moja.

Basi akaweka simu kigodani mbele ya mzee, akaiwasha inase sauti, akaenda zake nyuma ya jiko.

"We simu, sikiliza," mzee akakohoa. "Wote waongo. Lile jiwe ni kijana aliyekuja kuposa. Akapewa pombe, akafakamia mpaka akavua ngozi aliyojifunga, akidhani yuko kwake. Akaanguka kifudifudi mbele ya mama mkwe! Aibu ikamgandisha pale pale. Mwenye macho ataona: yale mawili ya juu ni matako."

Bonareri akauma leso. Alikuwa anakufa kwa kicheko na hawezi kukitoa, maana mkamwana aliyecheka ni mkamwana aliyesikia.

Mzee akaiinamia simu tena.

"We simu, mwambie aliye nyuma ya jiko masikio yangu yalishakufa. Tangu tumzike Masese, boma hili halijasikia kicheko."

Ehe! Alicheka huyo mama, kuku wakatimka, akacheka mpaka akalia.

Huko dukani Anisa aliposikiliza, alitaka kuikata sehemu hiyo ya kicheko na kelele za kuku.

"Usithubutu," Bonareri akamwambia. "Hapo ndipo Masese alikuwa akishindwa kumalizia."