Kifurushi Kilichobaki Kwenye Folda Yangu

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa kwenye mtaro wa barabara, mtaani kwetu Musaga, nikitoa matope kwa jembe pamoja na majirani. Zilikuwa saa za kazi za jumuiya, na mpaka zimalizike hakuna duka linalofunguliwa. Ng'ambo ya barabara, kwenye geti la kituo kidogo cha afya, wanawake walikuwa wanaongezeka, kila mmoja na mtoto mgongoni. Geti lilikuwa limefungwa.

"Mama, unatafuta nani saa hii?" jirani yangu aliita. "Hata muganga iko na jembe, muone kule!"

"Message inasema saa mbili ya asubuhi," mmoja alijibu, akiinua simu. "Soma mwenyewe. Banatucheka?"

Watu walicheka. Mimi niliinama, nikachimba mahali palipokwisha kuchimbwa. Ujumbe ule ulitoka kwenye programu ya ofisi yetu, na saa ile ilipangwa na kifurushi changu cha msimbo.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Katika ofisi ndogo huko Gihosha tunatengeneza programu inayowakumbusha akina mama siku za chanjo. Sehemu inayochagua saa tumeitenga, ikawa kifurushi kidogo ambacho hata miradi mingine inaweza kukitumia, na mimi ndiye ninayekitunza. Toleo la zamani lilikuwa linasema saa mbili kwa siku zote. Muuguzi mkuu wa kituo kile alilalamika kuhusu Jumamosi, nikaambiwa nirekebishe: Jumamosi tuanze saa tano.

Nilirekebisha. Lakini intaneti yetu ni nzito, na sikutaka kuchapisha, yaani kupakia kwenye ghala la mtandaoni, kila badiliko dogo ili tu kulijaribu. Kwa hiyo niliweka linki: kwenye kompyuta yangu, mradi uliacha kuchukua kifurushi kutoka ghala hilo, ukawa unasoma moja kwa moja folda niliyokuwa naandikia. Nikibadilisha mstari mmoja, naona matokeo hapo hapo. Nilijaribu mara nyingi kupita kiasi, kama kawaida yangu. Kisha nikasahau kuchapisha.

Ijumaa, mwenzangu alikuwa anajiandaa kwenda kuweka programu mpya kituoni. Ni mama anayetoka Uvira, nchi ya jirani, anavuka mpaka wa Gatumba kila asubuhi, na kazi ya kwenda kwa wateja ni yake. Aliniuliza, "Mutu wa diploma, umeshachapisha?"

"Nimejaribu, iko sawa kabisa," nilijibu.

Aliuliza jambo moja, nikajibu lingine. Sikujua kwamba nadanganya. Kwangu ilikuwa sawa kweli, maana kompyuta yangu ilikuwa inasoma folda yangu. Kompyuta ya kituo ilichukua kilichokuwa ghalani: toleo la zamani.

Nilipotoka mtaroni nilifungua kompyuta na kuona alama ya linki bado ipo. Nikachapisha. Nilimwandikia mwenzangu ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine mrefu zaidi, nikaufuta pia. Nikajiambia kwamba mambo kama haya yanasemwa ana kwa ana.

Jumatatu shefu, mkuu wa ofisi yetu, alituita wote.

"Uliwawekea ya zamani," alimwambia mwenzangu. "Wamama wamesimama kwenye geti na watoto!"

"Shefu, nilichukua ile iko kwenye ghala."

"Usiniambie ghala! Huyu kijana alijaribu mbele yangu, ikatembea. Kuanzia leo kwa wateja ataenda mutu mwingine."

Mwenzangu aliniangalia. Ninaamini alikuwa ananipa nafasi. Nilikuwa na sentensi mbili kichwani, moja inaanza na samahani, nyingine inaanza kwa kueleza linki ni nini, na nilikuwa bado nachagua kikao kilipokwisha.

Saa sita huwa tunakula pamoja, naye hunitania: kula, maharagwe hayana mtihani. Siku ile alikula akiwa amenipa mgongo. Sikumaliza sahani yangu. Nilikwenda kwa shefu na kumwambia habari ya linki niliyoisahau.

Alicheka. "Ni hiyo tu? Kila mutu ameshasahau linki. Utazoea. Rudi kazini."

Kosa lile lile lilikuwa limemnyang'anya mwenzangu kazi yake mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nafarijiwa. Hapo ndipo nilipoona haya kuliko asubuhi.

"Shefu, yeye aliniuliza kama nimechapisha," nilisema. "Naomba niseme mbele ya wote."

Nilisema. Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho, hakunishukuru, na hakukuwa na sababu ya kunishukuru. Shefu alisema, bila kumtazama, kwamba kazi ya wateja inabaki ya mwenzangu kama zamani.

"Basi njo," mwenzangu aliniambia, akichukua mkoba. "Tunaenda Musaga, kituoni. Utawaambia na wao."

Muuguzi mkuu alitupokea mlangoni na kumwelekea yeye moja kwa moja. "We mama, ulituletea aibu gani hii?"

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi. Sikuchapisha toleo jipya."

Muuguzi alinigeukia. "We si ulikuwa kwenye mutaro Jumamosi? Karibu na geti?"

"Ndiyo."

"Uliona wale wamama?"

"Niliwaona."

"Na ukanyamaza?"

Mwenzangu aligeuka. Hilo la mtaro sikuwa nimelisema ofisini. Nililiacha nje makusudi, nikidhani halitajulikana.

"Apana," mwenzangu alisema polepole. "Uliwaona na macho yako?"

Muuguzi alileta karatasi yenye majina ya waliochoka kungoja wakarudi nyumbani bila chanjo, akaiweka mbele yangu pamoja na simu ya kituo. Mwenzangu alikaa kwenye benchi karibu nami, akingoja nianze. Nilibonyeza namba ya kwanza. Mwanamke alipoitika nilisikia mtoto analia nyuma yake, na safari hii nilianza na samahani.